Dalziel, Lang'at na ritifaa inayodondoshwa

Kwa Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili niliyestaafu, mkazi wa Nakuru, na gazeti lako nimelisoma tangu wakati ambapo nakala moja ilizunguka mtaa mzima na kumrudia mwenyewe jioni ikiwa imelegea kama kitambaa. Sina desturi ya kuandika barua za malalamiko. Hii nimeiandika kwa ajili ya kitu kilicho kidogo kuliko punje ya wimbi, yaani ritifaa inayofuata herufi n na g katika majina kama Lang'at, Ng'etich, Ong'era na Ng'ang'a. Jumamosi iliyopita nilichukua kalamu nyekundu, kama nilivyozoea, nikapitia ukurasa wako wa tanzia na kukuta majina tisa ambayo kwa matamshi yake yalistahili ritifaa. Moja tu ndilo lililokuwa nayo. Ukurasa wa riadha ulikuwa afadhali kidogo, isipokuwa mwanariadha mmoja aliandikwa bila ritifaa katika kichwa cha habari na akaandikwa nayo katika habari yenyewe, mithili ya ndugu wawili walioshiriki mbio moja.

Najua jibu linalotolewa katika meza za uhariri, kwa kuwa nimewahi kulipokea kwa simu: kwamba hakuna Mkenya asiyejua kulisoma jina hilo hata likikosa ritifaa, na kwamba alama hiyo huisumbua mitambo. Kwa leo huenda ni kweli. Wasiwasi wangu ni wa kesho kutwa, na ili nieleweke naomba nafasi ya kusimulia habari za jina moja la ukoo la Kiskoti, jina lisilo la watu wengi hata huko kwao, ambalo limewahi kupita katika mlango huuhuu tunaoupita sisi.

Jina lenyewe ni Dalziel. Nililiona kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, nikiwa na umri wa miaka minane hivi, katika bohari moja kuukuu karibu na stesheni ya reli ya Nakuru, ambako baba alikuwa akipakua mizigo. Kando ya ukuta ililazwa boriti ya chuma ambayo vibarua waliigeuza benchi la kulia chakula cha mchana, na ubavuni mwake zilichomoza herufi kubwa: DALZELL. Sisi watoto tulizifuatisha kwa vidole tukisubiri zamu ya wazazi iishe, na vidole vikabaki vyekundu kwa kutu. Wakati huo injini za dizeli zilikuwa zimeanza kuchukua nafasi ya zile za mvuke, basi tukaamua kwa kauli moja kwamba Mzungu aliyeliyeyusha chuma lile alikusudia kuandika "dizeli" akakosea. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilimsimulia kisa hicho mkufunzi wetu mmoja aliyekuwa amesomea Glasgow. Alicheka, kisha akaniambia kwamba hilo ni jina la mahali penye kiwanda cha chuma cha pua, kwamba vilevile ni jina la ukoo, na kwamba wenyewe hulitamka "Diyel", sauti ikipanda mwishoni. Nilimuuliza z imekwenda wapi. Alinijibu kwamba z haijawahi kuwepo.

Tangu siku hiyo jina hilo halijanitoka. Dalzell ni eneo lililo karibu na mji wa Motherwell, katika jimbo la Lanarkshire, kwenye kingo za mto Clyde, na ndipo David Colville alipojenga katika miaka ya 1870 kiwanda kilichotoa vyuma vyenye chapa kama ile ya boriti yetu. Jina hata hivyo lina umri mkubwa kuliko kiwanda. Katika karne ya 13 watu waliomiliki ardhi hiyo walikuwa tayari wakitajwa katika hati kama fulani "wa Dalzell", na baada ya muda neno "wa" likaanguka, jina la shamba likawa la watu. Wataalamu hulihusisha na neno la Kigaeli "dail", yaani konde lililo kando ya mto, na sehemu yake ya pili huenda ikawa neno lenye maana ya weupe. Mtu akiitazama ramani na kuona jinsi ardhi ile inavyotandaa kando ya Clyde, maelezo hayo hayamwii magumu kuyakubali.

Wenye jina, lakini, hawakuridhika na konde. Jina likishasahauliwa maana yake, watu hulitungia kisa, na kisa cha akina Dalziel ni hiki: kwamba jamaa mmoja kipenzi wa Mfalme Kenneth wa Pili alinyongwa na maadui, naye mfalme akaahidi zawadi nono kwa yeyote ambaye angethubutu kwenda kuushusha mwili wake kutoka mtini, wote wakanyamaza, akajitokeza mmoja akasema maneno mawili yaliyosikika kama "dal zell", yaani "nathubutu". Nembo ya ukoo huo mpaka leo ni mwanamume aliye uchi, ambaye zamani alichorwa akining'inia, na kaulimbiu yake ni hiyohiyo, "Nathubutu". Ni kisa kitamu, ila naona jina lilitangulia na kisa kikalifuata. Hapa petu nasi tunaishi katika mji ambao jina lake husemekana limetoka katika neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na bado nimewasikia wazee wawili mezani, kila mmoja akiwa na asili yake tofauti ya jina Nakuru na kila mmoja akiwa tayari kuilia yamini.

Sasa nije kwenye herufi, kwa kuwa ndiyo kiini cha barua hii. Waskoti wa zama za kati, waandishi wa hati kwa mkono, walikuwa na herufi iliyoitwa yogh. Ilifanana na tarakimu 3 ambayo mkia wake umeshuka chini ya mstari, na katika majina kama hili ilibeba sauti iliyo karibu na y yetu. Waingereza nao walikuwa nayo wakaiacha mapema zaidi, mahali pake wakaweka y au gh. Waskoti waliendelea nayo. Kisha ikaja matbaa. Mwaka 1507 Mfalme James wa Nne aliwapa Walter Chepman na Androw Myllar idhini ya kuchapa mjini Edinburgh, na mwaka 1508 kazi zao zikaanza kutoka. Herufi za risasi walizotumia wachapaji wa namna hiyo zilitoka ng'ambo, katika bara Ulaya, kwa mafundi ambao lugha zao hazikuwa na yogh. Mpangaji chapa alipofungua kisanduku chake na kukosa herufi aliyoihitaji, alichukua ile iliyofanana nayo kwa sura: z, ambayo katika mwandiko wa mkono ilikuwa na mkia vilevile. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na kazi ya kumaliza kabla ya jioni, na alijua kwamba msomaji wake, Mskoti mwenzake, angeiona z na kutamka y bila kusita. Hakuna Mskoti aliyekuwa hajui kulisoma. Nadhani unayatambua maneno hayo, Mhariri, kwa maana ndiyo niliyoambiwa kwa simu.

Kilichofuata ni kwamba msomaji yule aliyejua alikufa, na wa baada yake, na wa baada yao, ila z ikabaki katika karatasi. Jina Menzies, ambalo Waskoti wengi hulitamka "Mingis", hutamkwa kwa z na mgeni yeyote anayelisoma bila kufundishwa. Mwanasiasa Menzies Campbell, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwanariadha wa mbio fupi na alikwenda Olimpiki za Tokyo mwaka 1964, alijulikana nchini mwake kwa jina la utani la Ming, na mtu asiyejua habari ya yogh hawezi kukisia utani huo umetoka wapi. Ngome ya Culzean, iliyo pwani ya kusini magharibi, husomwa "Kaleni". Visiwa vya Shetland viliandikwa Zetland kwa sababu hiyohiyo, halmashauri yake ikabeba jina la Zetland mpaka mwaka 1975, na hata sasa barua inayopelekwa huko huandikwa msimbo wa posta unaoanza na ZE, z ambayo haina kazi yoyote katika jina la visiwa hivyo isipokuwa kuwa kumbukumbu ya kisanduku cha herufi kilichokosa kitu.

Dalziel ni mfano ulio bora kuliko hiyo yote kwa sababu ukoo huo uligawanyika kwa tahajia. Kuna Dalziel, kuna Dalzell, na kuna Dalyell. Hawa wa mwisho ni wale ambao babu yao alinunua shamba la Binns, magharibi ya Edinburgh, mwaka 1612. Wao walishika y, na kwa kufanya hivyo wakayahifadhi matamshi. Mwana wa nyumba hiyo, Jenerali Tam Dalyell, aliyezaliwa mwaka 1615, alikuwa mtu wa vituko: inasimuliwa kwamba baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649 aliapa kutonyoa ndevu tena, alitoroka kutoka gereza la Mnara wa London, akaenda kumtumikia mfalme wa Urusi, akarudi kwao na mwaka 1681 akaunda kikosi cha wapanda farasi kilichokuja kujulikana kama Scots Greys. Wapinzani wake wa kidini walimwita Tam wa Damu na kudai kwamba alikuwa akicheza karata na shetani. Mzao wake wa jina lilelile, Tam Dalyell mbunge, aliingia bungeni mwaka 1962 na kutoka mwaka 2005, na ndiye aliyeuliza katika miaka ya 1970, bila kuchoka, ni kwa nini mbunge kutoka Uskoti apige kura kuhusu mambo ya Uingereza ilhali wa Uingereza asingeweza kupiga kura kuhusu yale ya Uskoti yakigatuliwa. Swali hilo hapa kwetu, katika enzi ya magavana, lingepata wasikilizaji wengi.

Akina Dalziel wa z nao walitawanyika. Kitovu chao kilibaki kusini mwa Uskoti, Lanarkshire na Dumfriesshire. Wengine walishuka wakavuka mpaka. Ndugu George na Edward Dalziel, waliochonga katika mbao michoro ya vitabu vingi vya Uingereza katika karne ya 19, walikuwa watu wa Wooler, kaskazini mwa Uingereza. Huko Lesmahagow, Lanarkshire, fundi wa mapipa aliyeitwa Gavin Dalzell alitengeneza katika miaka ya 1840 baiskeli ambayo kwa muda mrefu ilimpa sifa ya kuwa mvumbuzi wa baiskeli, mpaka ilipobainika kwamba aliiga ya mhunzi Kirkpatrick Macmillan wa Dumfriesshire. Waendeshaji bodaboda wa baiskeli, wale wa kale waliotuvusha matope ya Kisumu na Busia kabla ya pikipiki, wana deni kidogo kwa wote wawili.

Wengine walivuka maji hadi kaskazini mwa Ayalandi, na kutoka Ayalandi na Uskoti wakaenda Marekani, Kanada, Australia na Nyuzilandi. Ni katika safari hizo ndipo jina lilipopoteza sauti yake. Ndani ya Uskoti mtoto alilisikia jina kwa mama yake kabla ya kuliona kwa mwalimu. Ng'ambo aliitwa na karani aliyeshika orodha, naye karani husoma kilichoandikwa. Hivyo huko Ayalandi ya kaskazini na Marekani wapo akina Dalzell wengi wanaoitamka z waziwazi, na hawakosei, kwa maana hilo sasa ndilo jina lao. Alikuwepo John Dalzell aliyekuwa mbunge wa Marekani kutoka Pittsburgh, mji wa chuma kama Motherwell, tangu mwaka 1887 hadi 1913. Na alikuwepo Lianne Dalziel, meya wa Christchurch nchini Nyuzilandi tangu mwaka 2013 hadi 2022. Jina lao lilitoka katika konde moja.

Kuna jina jingine la mkumbo huo ambalo kila Mkenya amelisikia, nalo ni Mackenzie. Kwa Kigaeli ni MacCoinnich, mwana wa Coinneach, na z yake ni yogh vilevile. Zamani Waskoti wenyewe walilitamka karibu na "Makingi". Leo hata wao hulitamka kwa z. Hapo ulimi ulisalimu amri kwa karatasi, tena nyumbani kwao, bila mtu kuhamia popote.

Basi tuje kwetu. Jina langu ni Lang'at. Mtoto wa kiume akizaliwa jioni kwa Wakalenjin huitwa Kiplang'at, na wa kike Chelang'at. Kijana aliyetoka jandoni zamani alichukua jina la baba yake akalitanguliza neno "arap", ambalo kazi yake ni ileile ya "Mac" ya Waskoti, akawa arap Lang'at. Kwa hiyo ndani ya jina hilo mna jioni, mna baba, na mna sauti moja inayotoka puani, ambayo kwa Kiswahili tunaiandika ng' na ambayo jirani zetu Waganda waliipa herufi yake peke yake, n yenye mkia. Ritifaa ikianguka, inabaki ng ya ngoma na ngazi, sauti nyingine kabisa. Nimefundisha miaka 34 kwamba kung'oa ni kuchomoa kitu na mizizi yake, na kwamba kulia ngoa ni kulia kwa wivu, na mwanafunzi aliyechanganya hayo mawili katika insha nilimpunguzia alama. Sijui ningemwambia nini angeniletea gazeti.

Nilipostaafu nilikwenda katika ofisi fulani, ambayo sitaitaja, kujaza fomu za malipo yangu kwa kompyuta. Nilichapa jina kama lilivyo katika kitambulisho, na kioo kikaniambia kwa maandishi mekundu kwamba nimetumia herufi batili. Msichana aliyekuwa akihudumu alinijia kwa upole akasema, "Mzee, toa tu hicho kidoti, itakubali." Nilimwambia, "Mwanangu, hicho si kidoti, ni jina." Nilikitoa hata hivyo, kwa sababu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Miezi mitatu baadaye benki ikakataa hundi kwa kuwa jina lililokuwa juu yake halikulingana na la akaunti, na ikanibidi nimlipe wakili aniandalie hati ya kiapo inayotamka kwamba Langat na Lang'at ni mtu mmoja. Ninayo hapa. Ina mhuri, na wakili mwenyewe aliisahau ritifaa katika mahali pawili.

Hayo ya ofisi nayasamehe. La mjukuu wangu ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Ana miaka mitano, anasoma shule ya chekechea jijini Nairobi, na alipokuja likizo ya Agosti nilimwuliza jina lake kamili kama babu wanavyofanya. Alilitamka kwa ng ya ngoma, kwa ufasaha na bila haya. Nilipomrekebisha alinitazama kama mtu anayetaniwa, akaniambia kwamba mwalimu husoma hivyo katika rejista. Mama yake alikuwa amemwita kwa jina la kwanza siku zote, na lile la ukoo alilijulia shuleni. Wale Waskoti ilichukua vizazi vingi na bahari moja. Sisi tumetumia vizazi vitatu na basi la kutoka Nakuru hadi Nairobi.

Ninachoomba si kikubwa. Mwandishi wako anapomhoji mtu mwenye sauti hiyo katika jina lake, amwulize analiandikaje, kama anavyomwuliza umri, na jibu hilo liheshimiwe kutoka kichwa cha habari hadi maelezo ya picha. Wapo akina Langat walioamua wenyewe kutoitumia ritifaa, na hao waachwe walivyo, kama vile hakuna mwenye haki ya kumlazimisha Dalzell wa Pittsburgh kuwa Dalyell wa Binns. Wapo pia wanaoandika alama iliyopinda kushoto, au ile iliyolala iliyo pembeni mwa kibodi, na hapo msahihishaji wako anaweza kunyoosha mkono. Familia zinazoleta tanzia mara nyingi zimechoka na hazisomi prufu kwa makini. Katika ukurasa huo hasa ningeomba aliye zamu apige simu moja kabla ya kuchapa, kwa sababu yule ambaye jina lake linachapwa hawezi tena kulisahihisha.

Barua hii ina ritifaa nyingi, nami nimeiandika kwa mkono kwanza ili nisiipoteze hata moja. Ukiona inafaa kuchapishwa, tafadhali umwambie fundi wako wa kurasa aziache zilipo. Kalamu nyekundu bado ninayo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu arap Lang'at,
Nakuru.